Mama Mkwe na Kipande cha Kurudi

Mwenzangu unayeishi na mama mkwe nyumba moja, vuta kiti ukae. Hao wengine waendelee na shughuli zao, siku yao itafika.

Mkwe wangu yuko kwetu Magomeni, chumba cha mbele, kile chenye dirisha linalotazama geti. Hakuna anayeingia wala kutoka bila saa yake kujulikana. Mzaliwa wa Unguja, mwembamba, msafi, ana sauti ya chini ambayo kwa namna nisiyoielewa inafika hadi kwa jirani. Humu ndani, akiwa mbali, tunamwita Bi Risiti. Ana mkoba wa ngozi ambao marehemu mumewe alikuwa akienda nao kazini, na mle ndani mna stakabadhi ya kila kitu ambacho ukoo huu umewahi kununua. Friji letu la kwanza lilishabebwa na wanunuzi wa vyuma chakavu, lakini risiti yake iko mle, imekunjwa vizuri. Mwaka nilipomwoa bintiye alinionyesha risiti za ada ya shule na sare za binti huyo. Hakuwa ananidai. Alitaka tu nijue nimechukua kitu kilichogharamiwa.

Mama huyu hatupi kilicholipiwa. Dawa ya kikohozi ikibaki kwenye chupa, atazunguka nyumba nzima akitafuta mwenye kikohozi. Kuna mwezi tulilipia king'amuzi kifurushi kikubwa, kisha sote tukawa hatuna muda wa kutazama. Yeye akajitolea. Alikuwa anakaa hadi saa saba usiku akitazama mieleka, mtandio umemteleza mabegani, macho mekundu, ili mwezi usiishe na fedha yetu ikiwa bado mikononi mwa watu.

Sasa, mke wangu ana mdogo wake kaolewa Maskati. Huyo tunamwita Redio Maskati, kwa sababu haandiki ujumbe, anatangaza. Ukifungua sauti yake kwenye simu, unaanza na hali ya hewa, unapita kwenye bei ya kingfish sokoni Matrah, unasikia mgogoro wake na wifi yake, na jambo lenyewe alilopigia linakuja mwishoni kabisa, wakati wewe umeshaiweka simu na kwenda kuoga. Redio alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Kwa mila zao hakuna mjadala: mama lazima aende amlee mzazi, ampikie uji wa pilipili manga, ampake liwa, asimamie arobaini. Mke wangu akadokeza kwamba huenda Mama akakaa hata miezi mitatu, mpaka shingo ya mtoto ikaze.

Nilipokea taarifa hiyo kwa utulivu. Nilitoka nje, nikasimama nyuma ya tangi la maji, nikatabasamu huko huko.

Tiketi tulimwachia mpwa wa mke wangu, Dalali wa Mawingu, mwenye ofisi Kariakoo, yaani meza moja anayoshirikiana na fundi simu. Akatazama kompyuta, akapiga ulimi. Kwenda tu, akasema, ni ghali kuliko kwenda na kurudi. Nikamwambia asome vizuri. Akageuza kioo nione mwenyewe: safari moja ilizidi safari mbili kwa laki mbili na ushei.

Nilidhani mashine imeharibika. Dalali akanieleza, huku fundi simu akiitikia kwa kichwa kana kwamba na yeye amesomea. Mashirika makubwa ya ndege, alisema, hayauzi umbali, yanauza shida yako. Anayekata kwenda tu anahesabiwa kuwa mtu asiye na namna: anahamia kazini, ana dharura, au kampuni inamlipia na bei haimuumi. Anayekwenda kukaa wiki mbili na kurudi ni mtalii au mtu wa kutembelea ndugu. Huyo akiona bei kubwa anabaki nyumbani kwake, kwa hiyo lazima abembelezwe. Zamani walikuwa na sharti la wazi kabisa: ukitaka bei poa, ulale huko usiku wa Jumamosi. Mfanyabiashara anataka Jumamosi awe kwake, mtalii hajali, na hapo wameshajua nani ni nani. Mashirika ya bei nafuu yanauza kila safari peke yake, lakini ile tuliyoipata ilikuwa na kubadilisha ndege usiku wa manane katika mji ambao Bi Risiti alisema hana mtu.

Halafu kuna suala la kaunta. Mgeni akifika na tiketi ya kwenda tu wanamkazia macho, maana akikataliwa uhamiaji huko aendako, shirika lililomleta ndilo linalolazimika kumrudisha. Kwa hiyo kipande cha kurudi kilitakiwa hata kama bei zingelingana.

"Kata ya kwenda na kurudi," Dalali akasema, "ile ya kurudi aiache. Itajifia yenyewe. Watu wanafanya kila siku."

Nilirudi nyumbani nimejaa busara. Wakati wa chakula nikaitangaza mbele ya familia, na hapo ndipo mwanangu mkubwa alipoingilia. Huyu tunamwita Wakili. Yuko kidato cha tano na hajawahi kukubaliana na jambo lolote kabla ya kulitafutia pingamizi. Hata akitumwa chumvi huuliza kwa nini asitumwe mdogo wake. Akatoa simu, akaanza kusoma kesi.

Kumbe wazungu wameshapelekana mahakamani kwa mambo haya. Lufthansa walimshitaki abiria wao aliyekata tiketi ya Oslo hadi Seattle kwenda na kurudi, kupitia Frankfurt. Alipokuwa anarudi akashuka Frankfurt, akakiacha kipande cha mwisho cha kwenda Oslo, akapanda ndege nyingine kwenda Berlin. Wakamdai euro 2,112, ati tofauti ya nauli. Mahakama ya Berlin ikaitupa kesi Desemba 2018. Nikapumua. Wakili akaniambia nisipumue bado. Kuna tovuti inaitwa Skiplagged, ya kijana wa New York, Aktarer Zaman, inayowaonyesha watu tiketi za kushukia njiani. United Airlines na Orbitz waliishitaki mwaka 2014, shauri la United likakwama kwa sababu lilifunguliwa mahakama isiyohusika. Baadaye wakaja American Airlines, na Oktoba 2024 baraza la mahakama kule Texas likaamua tovuti ilipe dola milioni 9.4.

"Hao ni wafanyabiashara," nikasema. "Sisi ni bibi mmoja."

"Lakini masharti ya tiketi yanakataza, baba."

"Masharti yanakataza hata kuvua viatu ndani ya ndege."

Sina hakika kama yanakataza. Lakini ukibishana na Wakili usipojibu haraka umekwisha.

Shemeji yangu akaona na yeye achangie. Huyu ni kaka wa mke wangu, jina lake Nakuja, kwa kuwa ndilo neno lake kwenye simu hata akiwa bado kitandani. Yeye aliwahi kukata tiketi ya Nairobi kwenda na kurudi, ndege ya kwenda ikamwacha. Wala hakuhangaika: akapanda basi, akafika Nairobi, akafanya mambo yake, siku ya kurudi akatokea uwanjani amenyoa, begi mkononi. Wakamwambia tiketi yako ilifutwa siku ile ile ambayo hukutokea. Mpaka leo Nakuja anaihadithia kama dhuluma. Wakili akamfafanulia kwamba tiketi huliwa kwa mpangilio, kipande cha kwanza kikiachwa vinavyofuata vinakufa, ila cha mwisho ukikiacha hakuna kinachofuata cha kufa. Kwa hiyo ujanja wetu ulikuwa upande ulio salama. Nakuja akasema angeambiwa mapema. Alikuwa ameshaambiwa, mke wangu akamkumbusha, ila siku hiyo ya kuambiwa alisema anakuja.

Muda wote huo Bi Risiti alikuwa anakula ndizi zake kimya kimya. Mtu akikwambia ukimya wa mkwe ni ridhaa, muulize ameoa wapi.

Tiketi ikakatwa kama alivyosema Dalali, kurudi tarehe 18. Kufungasha peke yake kungetosha kuandikia kitabu. Liwa, ubani, mdalasini, pilipili manga, bizari ya pilau, mchele wa Mbeya (kana kwamba Oman haina mchele), kanga za mzazi, na mbuzi ya kukunia nazi ambayo alitaka aingie nayo ndani ya ndege, ameikumbatia, kile chuma chenye meno kikitazama mbele. Tulipomwambia haiwezekani akauliza sasa nazi zitakunwa na nini. Mke wangu akasema Maskati kuna tui la kopo. Hilo lilimwuma zaidi ya habari za meno ya chuma. Mbuzi ikaingia kwenye sanduku, mchele ukatolewa nusu, sanduku likapimwa kwenye mizani ya jirani, likazidi, ikabidi kamba iliyokuwa inalifunga sanduku itolewe, mkanda wangu ukachukua nafasi yake. Sijui kamba na mkanda vilipishana uzito gani, lakini mke wangu, Mama Nasra, alishikilia kwamba kila kilo inahesabika, na suruali nikaishikilia mimi kwa mkono hadi Jengo la Tatu la uwanja wa ndege.

Tukiwa kwenye foleni nikamwinamia. "Mama, ukiulizwa unarudi lini, sema tarehe 18."

"Nitarudi tarehe 18?"

"Hapana, Mama. Sema tu."

Akanitazama kitambo kirefu. Kisha akasema, "Haya, mwanangu."

Kaunta wakamwuliza kweli. Akaweka kiganja kifuani, akajibu kwa ile sauti yake ya chini inayovuka kuta: "Tarehe kumi na nane, inshallah." Kijana wa kaunta akampa pasi yake na kumtakia safari njema. Mimi nikaona tumemaliza.

Mwenzangu, siku zilizofuata nilikuwa mtu. Runinga niliihamishia chumba cha mbele, maana kina upepo na sebuleni watoto wana katuni zao. Nikaweka na viti viwili vya plastiki. Jioni za mpira wakaja majirani, na hakuna aliyeulizwa ameoga wapi mbona ananuka moshi. Nilitoka na kuingia getini saa niliyotaka, na wakati mwingine nilitoka na kurudi bila sababu, kwa raha tu. Mke wangu alinitazama, akatikisa kichwa, akaenda zake. Amezoea.

Kulikuwa na tatizo moja, jogoo. Bi Risiti ana kuku nyuma ya nyumba, na jogoo wake Kengele alikuwa na kasoro ya saa: akiona taa ya simu usiku, anawika. Jirani mmoja wa ukutani, mwalimu mstaafu, alishatuandikia barua mbili kuhusu ndege huyo, zote zenye aya na kumbukumbu namba. Sasa siku ya mechi kubwa wageni walizidi, Mama Nasra alikuwa kwenye kitchen party Kigamboni, chakula hakikutosha, na Nakuja, ambaye kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa amewahi, akauliza yule jogoo ni wa nini hasa. Sikumjibu. Kutojibu si kuagiza, hata Wakili analikubali hilo. Supu ilikuwa nzuri, ila ngumu. Mwalimu mstaafu tulimpelekea bakuli, akalipokea bila kuuliza.

Basi jioni moja ukaingia ujumbe wa sauti kutoka Redio Maskati, dakika kumi na moja. Nikasikiliza mwanzo: jua kali, mtoto ana chunusi za maziwa, wifi hakuleta sufuria. Nikaona ni taarifa ya habari ya kawaida, nikaufunga. Mke wangu naye alidhani nimeusikiliza mimi. Nimekuja kuusikiliza baadaye, na kweli dakika ya kumi sauti inabadilika, analia, anasema Mama amekataa kabisa, wamemsihi hadi mume wake amepiga magoti, sasa hivi yuko kwenye gari anapelekwa uwanjani.

Alfajiri, bajaji ikasimama getini. Mtoto wetu wa mwisho, Kiroboto, akakimbia kufungua, akapiga kelele, "Bibi!" Nilikuwa kwenye chumba cha mbele. Nilikuwa nimelala mle, mwenzangu, kwenye kitanda chake, rimoti kifuani.

Aliingia, akavua viatu, akatazama runinga, akatazama vile viti viwili, akanitazama mimi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Leo tarehe ngapi?"

"Kumi na nane."

"Haya."

Kisha akaenda dirishani, akasikiliza. Kulikuwa kumekucha na mtaa wote ulikuwa kimya isivyo kawaida. "Kengele yuko wapi?" Hakuna aliyesema kitu. Wakili akaenda kupiga mswaki.

Mke wangu alijaribu kumuuliza kwa upole kwa nini amemwacha mzazi na siku zake bado. Bi Risiti akafungua mkoba wa ngozi, akatoa tiketi, akaiweka mezani. Tumelipa au hatukulipa? Tulilipa, nikasema, lakini Mama, hesabu yake ni kwamba kile cha kurudi kilikuwa kama bure, na zaidi ya bure, kilitupunguzia. Akasema yeye hakusoma sana lakini hajaona duka linalompunguzia mtu kwa kuchukua vitu viwili halafu likafurahi akikiacha kimoja njiani. Na zaidi ya hayo, "Yule kijana aliniuliza kwa adabu, nikamtajia tarehe. Umri huu, Baba Nasra, wanifunza uongo kiwanja cha ndege? Ndege ikitikisika huko juu na mie nina uongo mdomoni, n'tamwambia nini Mola?"

Akaendelea, na hapa sote tulijua tumefika kwa babu yake. Kwa Bi Risiti kila barabara inafika kwa babu yake. Mzee huyo alikuja Unguja kwa jahazi kutoka Sur, enzi majahazi yanateremka na upepo wa kaskazi miezi ya Disemba na Januari, yamejaa tende na papa mkavu, halafu yanangoja upepo ugeuke kusi kuanzia Aprili yarudi na boriti za mikoko. Upepo ndio ulikuwa tiketi: umekuja na huu, utarudi na ule, na nahodha anakuhesabu. Babu hakurudi. Kusi ikavuma, jahazi likatweka tanga, yeye akawa mtaa wa Malindi, hapo hapo Unguja, anakunywa kahawa, ameshamwona mwanamke wa Kiswahili. Ukitaka kusema kweli, nusu ya watu wa pwani hii wapo kwa sababu kuna mtu aliiacha safari yake ya kurudi. Mimi nilipomwambia hivyo, nikidhani nimeshinda hoja, akasema ndiyo, na kule Sur mama yake babu alikuwa akienda ufukweni kila majahazi yakirudi, miaka, mpaka akafa. "Katika ukoo huu mmoja keshaacha kurudi. Imetosha."

Hoja hiyo huwezi kuijibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hujavaa shati.

Ndani ya saa moja simu ya Maskati ikawa hewani, Redio analia, mtoto analia, mume wa Redio anaonekana pembeni anajaribu kukuna nazi. Mbuzi ilikuwa imebaki. Mke wangu akalia na yeye kwa mshikamano. Kikao kikaitwa. Katika kikao cha nyumba hii mimi ni mwenyekiti, maana yake ni kwamba ninakaa kwenye kiti na maamuzi yananifikia. Ikaamuliwa kwamba Mama arudi Maskati amalizie arobaini. Ikaamuliwa pia kwamba tarehe ile mbaya iliyowekwa mwanzo, bila mtu kutajwa, iliwekwa na mtu asiyefikiria wazazi.

Dalali wa Mawingu akapigiwa, akawekwa kwenye spika.

"Kwenda tu imepanda, Anko," akasema. "Imezidi hata ile ya mwanzo."

"Na kwenda na kurudi?"

"Ukiweka kurudi miezi mitatu, ghali. Tiketi ya bei poa ina ukomo wa kukaa. Nafuu kabisa ni wiki mbili."

Nikamtazama mke wangu. Mke wangu akamtazama mama yake. Wakili alikuwa anahesabu kwa vidole umri wa mtoto wa Redio.

"Tia wiki mbili," Bi Risiti akasema, akielekea kwenye simu. "Arubaini itakuwa ishamalizika. Na risiti andika jina langu."

Dalali akaanza kuandika, tukisikia vidole vyake vinagonga. Mama naye akaurudia mkoba wake, akapekua katikati, si juu wala chini, mahali anapopajua, akatoa kikaratasi cha Soko la Magomeni, akakinyoosha kwa kiganja juu ya meza mbele yangu. Jogoo mmoja, mwekundu, elfu ishirini na mbili, tarehe na sahihi ya muuzaji.

"Hii n'tapewa na nani?"

Nakuja, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, akasimama, akatafuta ndara zake, akasema anakuja.